Nimeshapoa

Jumamosi, tarehe 11 Julai mwaka 2093, saa nne na dakika kumi asubuhi. Chimala kulikuwa na jua kali na hewa imetulia. Juu kwenye uwanda wa Kitulo vituo vya hali ya hewa vilitangaza nyuzi joto nne, ukungu, na sakitu, ule umande ulioganda, ambayo ilikuwa bado haijayeyuka majanini. Saa hiyo Ezron Luvanda, akiwa amelala chali ndani ya gari lisilo na dereva, blanketi limemfunika hadi kifuani, alianza kuupanda mlima.

Hakusogeza hata kidole. Mbele ya gari, mita mia mbili hivi, kijana aliyevaa fulana ya rangi ya dhahabu alikuwa akikanyaga baiskeli yake katika kundi la kwanza la wapandaji. Juu yao vilielea vyombo vya kupiga picha ambavyo watu wa Nyanda za Juu waliviita nyuki, kwa mlio wake. Sauti ya kijana yule ilisikika katika sikio la Ezron, nyepesi, isiyo na hata chembe ya kuhema.

"Kaka, tumefika mguuni pa mlima. Nipokee."

"Nimekupokea," akajibu Ezron.

Taa ndogo ya kijani juu ya kichwa chake iliwaka, ikazimika. Mara uzito ukaingia. Ulianzia mapajani kama maji ya moto yaliyomwagwa polepole, ukapanda kiunoni, ukatua kati ya mabega. Mwisho ukajikusanya nyuma ya macho, mahali ambapo uchovu wa kweli hukaa. Ezron alifumba macho na kupumua kwa kufuata mwendo wa miguu isiyokuwa yake.

Chombo kilichofanya kazi hii kiliitwa mhamisho. Kola nyembamba iliyovaliwa shingoni na mpandaji ilisoma habari zinazopelekwa na misuli yake kwenye ubongo, habari zile zinazosema: punguza, pumzika, acha. Kola ilizizuia zisifike, ikazituma kwa redio hadi kwenye kola ya pili, iliyovaliwa na mtu mwingine, na ubongo wa mtu huyo ukazipokea kana kwamba ni zake. Mpandaji alibaki na miguu inayofanya kazi na akili iliyotulia. Aliyelala garini alibaki na mlima. Mtu huyo aliitwa mpokezi.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini uchovu haukuzimwa tu. Uliwahi kuzimwa. Mashine za kwanza ziliufuta kabisa, na katika misimu miwili wapandaji kadhaa walikufa juu ya baiskeli zao wakiwa na nyuso za watu wanaofurahia matembezi. Ubongo usioambiwa kwamba moyo umefika mwisho hauwezi kuuokoa moyo huo. Ndipo ikatungwa sheria kwamba uchovu wa mchezaji lazima uhisiwe na mtu, yeyote, ili awepo mwenye kusema "Basi" wakati ukifika. Mhandisi Subilaga Kibona, aliyebuni mhamisho, aliijenga sheria hiyo ndani ya chombo chake. Alichukua desturi aliyoikuta kwa bibi yake kule Rungwe, ya watu kupokeana mizigo njiani: mwenye mzigo huomba, mwenye mikono mitupu hukubali, na mzigo hauhami mpaka maneno yote mawili yamesemwa. Hata kipimo alikiita tita, kwa kukumbuka kuni.

Mhandisi mwenyewe alikuwa garini siku hiyo, kwenye kiti cha pembeni, na mbele yake ubao wa mwanga ulioonyesha hali ya watu wawili. Kiti cha mbele alikaa Kocha Mushobozi, mkuu wa Timu ya Kipengere, mtu mwembamba mwenye koti kubwa, ambaye kwa siku sita alikuwa akila bila kukaa.

"Kaka," Gwamaka akaita tena, baada ya kona kadhaa. "Nimechoka?"

"Bado. Mapaja yameanza kupata joto."

"Mbona mimi najiona kama nimekaa kibarazani?"

"Umekaa kibarazani kwangu, bwana mdogo. Kanyaga."

Kocha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuusikia utani huo mara nyingi. Gwamaka Mwaisela alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alivalishwa kola akiwa na kumi na saba, na tangu hapo hakuwahi kuumaliza mlima wowote na miguu yake ikimwambia jambo. Alimuuliza Ezron kama amechoka kwa namna ileile ambayo mtu humuuliza mwenzake saa ngapi.

Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba hupanda kwa kona hamsini na saba, na kila kona imeandikwa namba yake kwenye jiwe jeupe. Watu walikuwa wamejipanga kwenye kingo wakiwa wamejitanda mashuka, wengine na sufuria za viazi vya kuchemsha vinavyotoa mvuke. Ezron aliwatazama kupitia dirishani. Zamani aliipanda barabara hii kwa baiskeli yake mwenyewe, kabla ya kola, akashika nafasi ya tisa, akatapika kwenye kona ya arobaini na moja mbele ya mama mmoja aliyemwambia, "Pole, mwanangu, lakini si kwenye viazi vyangu." Aliupenda uchovu ule. Ulikuwa na mwanzo na mwisho. Jioni yake alilala kama jiwe lililozama.

Miezi ya karibuni hakulala hivyo. Alirudi nyumbani Bulongwa katikati ya msimu, akaenda kuchimba viazi shambani kwake, akachimba tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja kumshika mkono. Hakuwa amejua kwamba amechoka. Uchovu ulikuwemo mwilini tangu alipoamka, na ule wa jembe ulipoongezeka haukuwa na sauti yake. Alimweleza mkewe kwamba ni umri. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Kwenye kona ya ishirini na nane mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka juu ya blanketi. Mhandisi Subilaga aliuona. Akatazama ubao wake, akautazama tena mkono.

"Kaka Ezron, unajisikiaje?"

"Kama mtu anayepanda mlima, Mhandisi."

"Ubao unasema umebeba matita tisa tu. Kijani. Mtu wa matita tisa hatetemeki."

"Labda ni baridi."

Mhandisi aligeukia ubao. Alivuta kumbukumbu za mhamisho na kuanza kuzisoma kuanzia siku ya kwanza ya mashindano. Utaratibu ulikuwa hivi: kila jioni, baada ya hatua ya siku, mpandaji alirudishiwa mzigo wake kidogo kidogo akiwa amelala, kwa sababu mwili uliofanya kazi ndio unaojua kuiponya. Mpokezi hakupaswa kulala na mzigo wa mwenzake. Kama mzigo ungekuwa umekwisha kutulia wenyewe, kama inavyotokea katika hatua fupi za tambarare, mpokezi alitakiwa kuthibitisha kwa kinywa chake, na mhamisho ungefuta hesabu na usirudishe kitu. Neno la kuthibitishia, lililoanza kutumika msimu huu, lilichaguliwa katika maabara, na lilichaguliwa na Subilaga mwenyewe. Alitaka neno la Kiswahili chepesi, ambalo mtu aliyelegea anaweza kulisema. Mwili uliofanya kazi huwa na joto, ukitulia hupoa. Neno lilikuwa "nimepoa", pamoja na namna zake zote.

Ubao ulimwonyesha jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kila jioni, mzigo mzima umefutwa. Kila jioni, sauti ya Ezron, iliyo safi na isiyo na shaka.

Mhandisi alizisoma mara ya pili, na gari likapita kona nyingine mbili.

"Kaka Ezron," akasema hatimaye. "Jioni Gwamaka anapokuaga, huwa anakwambiaje?"

"Kijana ana adabu. Huniambia, pole na kazi, kaka."

"Nawe humjibuje?"

"Mtu akikupa pole unamjibuje, Mhandisi? Unamwambia nime—"

Subilaga aliruka kutoka kitini na kumziba mdomo kwa kiganja. Kocha Mushobozi aligeuka, akamkuta mwanamke yule msomi amemwinamia mpokezi kana kwamba anataka kumnyonga.

"Usilimalize," alisema. "Nakuomba, kaka. Usilimalize neno hilo humu."

Akaondoa mkono polepole, akakaa sakafuni kando ya kitanda, akawaeleza wote wawili. Hakutafuta maneno ya kujifunika. Chombo kilikuwa kimefundishwa kwamba neno lile ni taarifa, na Ezron alilisema kama mwitikio. Katika maabara walifanya majaribio mia kadhaa, na kila mtu alisoma maneno aliyoandikiwa. Katika maabara hakuna aliyempa mwenzake pole.

"Mimi mwenyewe naitikia hivyo tangu nizaliwe," alisema. "Na sikuwaza."

Ezron aliitazama taa ndogo juu ya kichwa chake, ile iliyowaka kijani kila mhamisho uliposikia neno unalolijua na kungoja jibu. Mafundi waliiita taa ya sikio, na kwa jioni hizo ilikuwa imejifunza kuwaka hata kwa neno pole. Alikumbuka shule ya bweni aliyosoma, mabweni marefu yenye madirisha yasiyo na vioo, na kiranja wa zamu aliyepita asubuhi kuwapa pole waliotoka kuchota maji mtoni. Asiyeitikia alirudishwa mtoni. Haikujalisha kama mabega yalikuwa yamechubuka. Jibu lilikuwa moja, nalo lilitolewa mtu akiwa amesimama wima. Ezron hakuwahi kulionea uchungu jambo hilo. Alijivunia. Aliamini, na hata sasa aliamini, kwamba mtu anayejibu pole kwa kuhesabu maumivu yake anamtwisha mzigo aliyemhurumia. Lakini adabu si ushahidi, na hakuna mtu aliyepaswa kuifanya kuwa ushahidi bila kumuuliza mwenyewe.

"Nimebeba kiasi gani?" aliuliza.

"Hatua tano nzima na nusu ya hii, juu ya mabaki ya mbio fupi za msimu. Kiwango cha hatari tumekivuka leo hii, mlimani. Ningejua, nisingekuruhusu kuingia garini asubuhi."

"Na mzigo ukibaki kwangu?"

"Ukipita kiwango, una saa moja tangu mpandaji anaposhuka kwenye baiskeli. Baada ya hapo mzigo unaganda. Hautoki tena. Utaamka kila asubuhi, maisha yako yote, ukiwa umekwisha kuupanda mlima huu."

"Na usingizi?"

"Usingizi utakuwa kama huu wa sasa, kaka. Au pungufu."

Kocha Mushobozi alikuwa amevua kofia. "Kata sasa hivi," alimwambia Mhandisi, kisha akatazama picha za nyuki: Gwamaka na mwenzake mmoja tu walikuwa wamebaki mbele, na kona ya thelathini na tano ikawapita. Akairudisha kofia kichwani. "Ukikata, kijana atayapata matita ya leo peke yake, sivyo? Hayo ya nyuma hayaendi kwake?"

"Hayaendi. Chombo kinasema hayapo. Ili yaende, Ezron lazima akane lile neno, kisha amwombe Gwamaka ampokee, na Gwamaka akubali kwa kinywa chake. Siwezi kulazimisha. Niliijenga isiweze kulazimishwa."

"Basi kukata hakumsaidii Ezron, kunamwangusha tu kijana."

"Kunamzuia asiongezewe, Kocha."

"Niacheni niseme mimi," alisema Ezron. Sauti yake ilikuwa ya chini, nao wakamgeukia. "Chimala nilimwambia nimekupokea. Hatukusema kwamba ni mpaka kona ya thelathini tu. Nitamfikisha juu. Akifika, nitamwomba. Na msimwambie njiani. Mtu haelezwi deni akiwa kazini."

Mhandisi alitaka kubisha. Alimtazama machoni, akarudi kitini pake na kufunga mkanda.

Mwenzake Gwamaka kule mbele aliitwa Kibrom, mtu wa Asmara, mwenye miaka thelathini na minne na miguu iliyokauka kama kamba. Timu yake haikutumia mhamisho. Kibrom alipanda na uchovu wake mwenyewe, na picha za nyuki zilimwonyesha mdomo umefunguka, chumvi imekauka mashavuni, kichwa kikiinama upande mmoja kila alipokanyaga. Kando yake Gwamaka alionekana kama mtu katika picha ya tangazo.

Kona ya hamsini, ukungu ulipoanza kuifuta barabara, Kibrom alisimama juu ya pedali na kuondoka.

"Kaka," Gwamaka aliita. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kulikuwa na haraka katika sauti yake. "Kibrom ameondoka. Nimfuate? Nimechoka?"

Mapafu ya Ezron yalikuwa yakiwaka, na yalikuwa mapafu yaliyolala kitandani. Kiungo kwa kiungo aliyapitia yale aliyoletewa, kama mwalimu anavyosahihisha daftari: mapaja, kiuno, moyo. Alitambua kwamba anaweza kusema neno moja, umekwisha, na kijana angeachia. Angemwamini. Hakuwa na njia nyingine ya kujijua. Mlima ungeishia hapo, gari lingesimama, na uzito huu usingeongezeka hata tita moja.

"Kaka? Unanisikia?"

"Nakusikia. Umechoka sana," alisema Ezron. "Lakini moyo bado una nafasi. Unaweza. Mfuate taratibu, usimrukie."

"Asante, kaka."

Ezron aliuma ncha ya blanketi. Subilaga alimshika kifundo cha mkono na hakukiachia. Kocha, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mbele, alitazama nyuma muda wote huo. Kona ya mwisho ikapita, Matamba ikapita na mabati yake yaliyolowa, uwanda ukafunguka, na katika ukungu mweupe juu ya majani yenye sakitu, Gwamaka Mwaisela alimpita Kibrom, akavuka mstari akiwa ameinua mikono yote miwili.

Gari lilisimama nyuma ya jukwaa. Kupitia dirishani Ezron alimwona Kibrom akishuka, au akiangushwa na baiskeli yake, ilikuwa vigumu kupambanua. Watu wawili walimfunika blanketi. Mmoja alimpa kiazi cha moto. Mtu wa Asmara alikiuma mara moja, akakishika mkononi, akalala palepale kwenye majani, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka. Ezron alimtazama kwa wivu ambao hakuwahi kumwonea mshindi yeyote.

Mlango ukafunguliwa. Gwamaka aliingiza kichwa, mashavu mekundu kwa baridi, meno yote nje.

"Tumeshinda, kaka. Pole na kazi."

Taa ya sikio ikawaka kijani, ikangoja.

Neno lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Ezron alilisikia limesimama pale, wima, kama mwanafunzi aliyefunzwa vizuri. Akalirudisha.

"Sijapoa," alisema.

Taa ikageuka nyekundu. Ubao wa Mhandisi ukajaa kwa mkupuo mmoja, kutoka mzigo wa leo peke yake hadi juu ya mstari wa mwisho, na sauti tulivu ya mhamisho ikasema: "Mzigo upo. Unasubiri mwenyewe."

Gwamaka alianza kucheka, akaacha. Mhandisi alimweleza kwa sentensi chache. Hakuongeza chumvi na hakupunguza.

"Nikipokea," aliuliza kijana, "kesho itakuwaje?"

"Kesho hutapanda baiskeli. Utalala siku kadhaa, utaumwa kila mahali, kisha utainuka mzima. Mwili wako ndio ulioifanya kazi hiyo. Wake haukuifanya, ndiyo maana hauwezi kuiponya."

"Kesho ni tambarare mpaka Mbeya. Ni kufika tu. Nikifika, kombe ni langu." Alimgeukia Ezron. "Nipe mpaka kesho jioni, kaka. Nitapokea yote."

"Kesho jioni mzigo utakuwa umekwisha kuganda," alisema Subilaga. "Una saa moja. Sasa ni pungufu."

Gwamaka aliingia garini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwa muda alicheza na kifungo cha glavu yake.

"Nilijua," alisema. "Siyo yote. Jioni ya pili niliona hakirudi kitu. Nikalala kama mtoto, nikaamka mwepesi. Nikasema labda kaka ananiachia. Nikafikiri ni msaada wako."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa ungenijibu."

Kocha Mushobozi alishuka, akasimama nje na kuufunga mlango nyuma yake. Hakuna aliyemlaumu wala kumsifu kwa hilo. Kwenye jukwaa spika zilianza kuliita jina la mshindi wa hatua ya sita, kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa.

Ezron alijiinua kwa viwiko mpaka akakaa. Ilimchukua muda. Alitaka kulisema neno la kuomba akiwa ameketi sawasawa. Bwenini hakulisema, wala njiani. Hata kona ya arobaini na moja, alipotapika, hakulisema.

"Gwamaka," akasema. "Nipokee."

Taa ikawa kijani.

Kijana aliitazama. Ukungu ulikuwa umeshika vioo, na ndani ya gari ilisikika pumzi ya mtu mmoja tu. Nje jina liliitwa tena, na watu wakapiga makofi kwa mpangilio wakimngoja. Uso wa Gwamaka, ambao haukuwahi kuonyesha mlima wowote, ulionyesha huu.

"Sipokei, kaka," alisema.

Taa ikazimika. "Mzigo umekataliwa," ilisema sauti tulivu.

Mhandisi aliweka kiganja juu ya ubao wake. "Naweza kuandika kwamba hakuelewa," alimwambia Ezron kwa sauti ndogo. "Tukaomba baraza la mchezo—"

"Ameelewa. Andika kwamba nimeomba, na amekataa. Amesema wazi, na hilo angalau ni lake." Kisha akamgeukia kijana. "Nenda, wanakuita."

Gwamaka alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Kesho saa mbili nitakuita kama kawaida, kaka. Nikiwa mstarini."

"Niite. Sitakupokea."

"Sasa nitajuaje kama nimechoka?"

"Utajua, bwana mdogo."

Kwa mara ya kwanza Gwamaka alionekana kuitazama miguu yake. Alishusha mguu mmoja nje, kwenye majani yenye sakitu, na kinywa chake, kwa mazoea tu, kikasema kile kilichokuwa kikisema kila jioni.

"Basi pole sana, kaka."

Taa ya kijani ikawaka, ikangoja.

Ezron Luvanda alifunga mdomo wake, akaitazama mpaka ikazimika yenyewe.